Kichwa cha Kahawa

ZENEBECH: Haloo? Nani mwenzangu?

ASNAKU: Mama mdogo, ni mimi Asnaku. Nipo Hawassa. Shikamoo.

ZENEBECH: Marahaba, mwanangu. Umekula?

ASNAKU: Nimekula. Mkate wa injera wa huku mchachu mno. Mbona unapokea simu ya mama?

ZENEBECH: Amelala. Jumatano ulipopanda gari tu, kichwa kikamshika.

ASNAKU: Jumatano? Leo Jumapili.

ZENEBECH: Kukusindikiza kulimkosesha kahawa ya asubuhi. Si unamjua? Tangu hapo tunamchemshia kahawa, duru zote tatu, na ubani tunafukiza.

ASNAKU: Kikapoa?

ZENEBECH: Kinazidi. Na anatapika.

ASNAKU: Kichwa cha kahawa hakitapishi, mama mdogo.

ZENEBECH: Ni huzuni. Kitinda mimba kaondoka, ulitaka acheke?

[mikwaruzo ya simu]

ASNAKU: —macho je?

ZENEBECH: Sikusikii.

ASNAKU: Macho yake yakoje?

ZENEBECH: La kulia jekundu. Moshi wa ubani huo. Juzi kaniambia taa imezungukwa na rangi, nikamtania, dada umeanza kuona malaika.

ASNAKU: Ninayelala naye chumba kimoja huku, mama yake alianza hivyohivyo. Kichwa, kutapika, rangi kwenye taa. Kumbe ni ugonjwa wa jicho.

ZENEBECH: Umeshona suruali kiwandani siku mbili, umeshakuwa daktari.

ASNAKU: Nicheke, lakini fanya. Fungua dirisha. Ziba lile jicho lisiloumwa, la kushoto, kwa kiganja, umuonyeshe vidole.

ZENEBECH: Mwanga unamuumiza, ndiyo maana tume—

ASNAKU: Mama mdogo, nakuomba.

ZENEBECH: Haya. Subiri. [dirisha linafunguliwa] Dada, inuka kidogo. Ni mwanao huyu, kakazana. Vidole vingapi hivi? … Vingapi, dada?

ASNAKU: Haloo? Kasemaje?

ZENEBECH: Anasema nitoe mikono, nimemziba yote mawili.

ASNAKU: Umeziba yote?

ZENEBECH: Moja tu, la kushoto.

ASNAKU: Mama mdogo?

ZENEBECH: Nipo.

ASNAKU: Mpelekeni mjini Gondar, kwa daktari wa macho. Leo. Na kahawa msim—

ZENEBECH: Magari ya leo yameshaondoka, Asnaku.

ASNAKU: Hata lori. Mwombe yule mwenye— salio linaisha, mama mdogo, mwambie mama nita—

ZENEBECH: Asnaku? Haloo? … Imekatika, dada. Lala. Gari la Gondar ni kesho saa kumi na mbili asubuhi.