Dulcie Rideout Hakuchagua Siku Yake

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Clar Pelley, na leo hatuanzi na muziki. Tunaanza na jambo ambalo wengi wenu mmenipigia simu kuliuliza, tena kwa sauti ya chini, kama watu wanaosengenya kanisani. Dulcie Rideout amefariki. Amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Narudia, kwa ajili ya aliyekuwa akimimina chai: Dulcie Rideout, miaka sitini na mitatu, dereva wetu wa basi la shule hapa kisiwani kwetu Skerry Cove, amefariki kwa ugonjwa wa moyo.

Najua kwa nini mnauliza. Hata mimi niliuliza. Nitafika huko.

Dulcie aliendesha lile basi miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa kushuku. Asubuhi moja ya Januari alilisimamisha kabla ya daraja, akawashusha watoto wote, akawavusha kwa miguu wameshikana mikono kwenye theluji. Ofisi ya barabara ilisema daraja ni zima. Wazazi walimcheka. Siku ya tatu daraja likafungwa, nguzo moja ilikuwa imepasuka.

Lakini majira hayohayo ya baridi alifunika redio yake kwa blanketi, kwa sababu aliamini mimi, Clar, namsema yeye kila nikisoma habari za hali ya hewa. Dulcie, siku zile sikukusema. Leo nakusema.

Basi ndivyo alivyokuwa. Ugonjwa wa akili ulimpata akiwa na miaka ishirini na minne. Sonona nzito, na sauti alizozisikia peke yake. Alilazwa mara kumi na moja. Dada yake Queenie, aliyeishi naye, aliniambia: "Nusu ya shuku zake zilikuwa ugonjwa, na nusu zilikuwa macho. Kazi ilikuwa kujua leo ni nusu ipi."

Miaka michache iliyopita daktari wake wa magonjwa ya akili alihama. Hakuna aliyekuja badala yake. Dulcie akaenda kliniki kuomba daktari mwingine, akaambiwa foleni ni miezi kumi na minne. Mfanyakazi aliyempokea alikuwa mgeni, msichana mpole. Wakati ule sheria ya kusaidiwa kufa kwa dawa ya daktari, iliyowahusu wenye ugonjwa wa mwili, ilikuwa karibu kufunguliwa hata kwa wasio na ugonjwa mwingine ila wa akili. Queenie alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

Msichana akasema, "Dulcie mpenzi, sheria ikifunguliwa mwakani, umewahi kufikiria kuomba usaidiwe kufa?"

"Mimi nimekuja kuomba daktari."

"Najua. Nakujulisha tu haki zako."

"Haki zangu ziko ngapi?" Dulcie akauliza. "Maana hii imenijia mbio, na ile nyingine ina foleni."

Walipofika nyumbani, kabla hajavua koti, akauliza, "Queenie, lile swali limetoka kwake, au limetoka juu, serikalini?"

Swali hilo liko wazi hadi leo, wasikilizaji. Pengine lilitoka kwenye moyo mwema tu. Pengine.

Habari zikasambaa. Akapigiwa simu na chama kimoja cha bara kinachoipinga sheria. Wakamwomba atoe ushahidi mbele ya kamati ya bunge, wakamtumia hotuba tayari imeandikwa. Jumamosi hiyo aliisoma mezani, juu ya supu ya mbaazi na nyama ya chumvi, mbele ya Leander Hynes.

Leander wengi mnamjua. Alikuwa mpishi kwenye kivuko. Yeye na Dulcie walikutana wodi ya wagonjwa wa akili, na kwa miaka mingi ameishi na sonona isiyosikia dawa. Leander aliitaka ile sheria.

"Mwenye saratani akisema amechoka anaaminiwa," alisema. "Kwa nini mimi nisiaminiwe?"

"Kwa sababu hata soksi huwezi kuchagua, kaka. Tazama miguu yako."

"Usinichekeshe, Dulcie. Nasema kweli."

"Najua unasema kweli. Ndiyo maana naogopa."

Kisha akazisukuma zile karatasi za chama pembeni. "Humu mna machozi ambayo sijayalia. Na hawa wanaotaka niishi, mbona sijawahi kumwona hata mmoja akinisaidia kuzoa theluji?"

Hata hivyo alikubali, na kamati ikampa dakika tano. Alizungumza kwa njia ya video kutoka maktaba yetu, Queenie ameketi nyuma yake. Alisema: "Waheshimiwa, mimi ni mgonjwa wa kushuku, daktari ameandika. Basi nisaidieni. Nikiona mlango mmoja unafunguliwa haraka, na ule mwingine mmeshindwa kuufungua, nikashuku, huo ni ugonjwa wangu, au ni macho yangu?"

Halafu akafanya jambo ambalo chama hakikutarajia. Dakika mbili zilizobaki aliwasomea barua ya Leander, iliyoomba sheria ipite. Aliisoma yote, bila kupunguza.

Mheshimiwa mmoja akauliza, "Samahani mama, sijaelewa. Wewe unaunga mkono au unapinga?"

"Mimi niko kwenye foleni, mheshimiwa."

Sehemu ile ya ugonjwa wa akili ikaahirishwa, hadi mwaka 2027. Na siku tisa baada ya ushahidi wake, kliniki ikapiga simu: daktari amepatikana. Dulcie hakufurahi. "Ni kwa sababu nimeonekana," alisema. Akaenda na Leander, akaketi, akakataa kuondoka mpaka jina la Leander nalo liandikwe. Likaandikwa.

Alipata muda mzuri baada ya hapo. Mikono ilitetemeka kwa dawa, lakini alilala usingizi.

Wiki iliyopita kifua kilimbana. Siku ya tatu hospitalini akafariki. Sasa nakiri. Sheria ya ugonjwa wa akili haijaanza, lakini mwenye ugonjwa wa mwili anaweza kuomba asaidiwe kufa. Nikawaza: moyo wake mbovu, je, kuna mtu aliyempitisha mlango huo? Nikaenda kwa Queenie.

"Queenie, niambie kweli. Ni moyo?"

"Hata wewe, Clar? Muuguzi alimletea fomu. Dulcie akasema, nisomee mpaka chini, neno kwa neno. Ilikuwa fomu ya chakula. Akachagua samaki wa kesho. Haya, nenda katangaze."

Natangaza, wasikilizaji wapendwa. Alichagua samaki wa kesho, na kesho haikufika.

Tayari kuna vipeperushi viwili vyenye picha yake, kimoja cha wanaoipinga sheria na kimoja cha wanaoitaka. Queenie anasema hakuna aliyemwomba ruhusa. Kabla hamjasema Dulcie alikuwa wenu, muulizeni dada yake.

Leander alikuja hapa studio asubuhi. Nilimuuliza kama amebadili mawazo juu ya sheria. "Hapana," akasema. "Lakini Jumanne nina miadi na daktari, na aliyekuwa akinipeleka mnamzika kesho."

Nitampeleka mimi. Jumanne inayofuata bado haina mtu wa kumpeleka.

Pole sana Queenie. Poleni ukoo wote wa Rideout. Nanyi mlionipigia kwa sauti ya chini, tafakarini: yupo mtu mnayemjua ambaye yuko kwenye foleni. Mlimuuliza nini mara ya mwisho?