Saba Waliobaki kwenye Orodha ya Mwalimu Veridiana

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha wanafunzi wasioona, Mwalimu Veridiana, Mama Alfredi wetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni.

Alianzia Newala, na mashine moja ya nukta nundu na darasa lisilo na mlango. Alipohamia kwetu Masasi alitukuta sisi walimu vijana tunaojua kila kitu. Mimi, Fikirini, nilikuwa kinara wa kundi hilo. Leo nina mvi na nusu ya nilichojua kimenitoka.

Mwaka jana tulianza kujaribu drafti ya kompyuta inayochezwa kwa sauti, bila intaneti. Mtoto anataja mraba, kete inasogea. Hahitaji mtu wa kumsogezea. Mama Alfredi akataka kila amri ianze na “naomba”. Nilimtania kwamba kompyuta haidai shikamoo. Akasema kweli haidai, ila mtoto akitoka humo chumbani atakutana na watu.

Tatizo ni kwamba programu ile haimwelewi mtoto mpaka izoeshwe sauti yake, na kazi hiyo inataka mwalimu akae naye saa nzima. Tukagawana wanafunzi kumi na sita: yeye tisa, mimi saba. Wake aliwamaliza ndani ya mwezi mmoja. Wangu niliwaambia kesho. Kesho nikawa napulizia mikorosho dawa. Kesho nyingine nikawa na msiba Chiungutwa, ambao, nakiri, ulikwisha saa nne asubuhi. Mwaka mzima watoto wangu saba wamekaa benchi wakisikiliza wenzao wakilana kete.

Jumatatu aliniwekea mezani karatasi yenye majina saba. Hakugomba.

“Mwalimu Fikirini,” alisema, “nilitamani niwasikie wote wakicheza kabla sijaondoka.”

Afadhali angegomba. Mpaka naandika haya nimewamaliza watano.

Mama Alfredi, umetufundisha kazi, na wengine umetufundisha aibu. Tunakushukuru, na huko Newala unakorudi tunakuombea afya, mikorosho izae, na wajukuu wasikuchoshe.

Sherehe inaanza saa nane. Naomba mwanze bila mimi. Nitakuwa chumba cha kompyuta na Queen na Kelvin, wawili waliobaki. Nawe, Mama, usikimbilie gari. Mlango tutauacha wazi, usikie.