Bi. Mwanamkuu Awadhi, Aliyeyapa Mabani Pua

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwanamkuu Awadhi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya chuo chetu hapa Tabora. Sisi wa klabu ya sayansi ya sekondari, anaotufundisha kila Jumamosi, tumepewa heshima ya kuandika habari zake.

Marehemu baba yake alikuwa sonara mjini, naye alijua kuchomelea mkufu wa fedha kabla hajamaliza darasa la saba. Mwaka 1991 aliajiriwa kutengeneza redio na mizani za maabara. Mwaka 2014 Dokta Anton, mtafiti wa chuo, alipoanza utafiti wa vihisi vidogo vya hewa ya sumu, alitafuta mikono isiyotetemeka. Akaipata.

Kihisi chenyewe ni kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mtama, kilichopakwa utando mwembamba wa oksidi ya bati na kupashwa moto. Hewa ya sumu ikiugusa utando huo, mkondo wa umeme hubadilika na king'ora hulia. Kilikusudiwa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kwa sababu hewa inayotoka kwenye moto usiowaka vizuri haina harufu, nayo huua.

Mwaka mzima vihisi vilipiga kelele ovyo. Dokta Anton aliwalaumu waliotuuzia silikoni. Bi. Mwanamkuu akafungua daftari la kazi, akaona vibovu vyote vilipakwa siku ya Ijumaa. Aliyevipaka ni yeye mwenyewe; akanusa mtandio wake. Kila Ijumaa alifukiza nguo zake udi, kama alivyolelewa, na mafuta ya moshi ule yalikuwa yakinata kwenye utando. Akaingia kikaoni bila kungoja kuitwa.

“Msitafute mchawi. Ni udi wangu.”

“Dada Mwanamkuu,” alisema Yahaya, fundi mwenzake, “kumbe umeifukiza hata silikoni! Inaolewa lini?”

Tangu hapo nguo za kazi hazitoki karakana, na za nyumbani haziingii. Vihisi vikatulia.

Lakini wakulima wa tumbaku waliokuwa wakivijaribu walikwishachoka na kelele zile. Chama chao huko Sikonge kilitoa nafasi moja tu: king'ora kikilia bure tena, vihisi vyote virudi Tabora, na utafiti ufe.

Asubuhi ya jaribio, katika bani la Mzee Kashindye, king'ora kililia wakati mwanawe Samweli akifungua mlango aingie kukagua majani.

“Mama, kimashine chenu kinaogopa moshi, na hili ni bani!” Mzee Kashindye alicheka. “Samweli, ingia.”

Bi. Mwanamkuu akasimama mlangoni. “Mzee wangu, nicheke utakavyo. Haingii mtu.”

Kipimo kikubwa cha chuo kikaingizwa kwa fimbo ndefu. Mshale ulipanda hadi mwisho. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka ndani.

Mzee Kashindye akavua kofia. “Mama, hii si mashine, ni pua. Niwekee na kwenye bani la pili.”

Leo mabani mia mbili na kumi na mawili ya Sikonge na Urambo yana pua hizo, na wasichana wanne wa klabu yetu wanapaka utando bila dosari.

Samweli yupo nasi katika ukumbi huu wa kuagana, safu ya mbele, amempakata bintiye wa miezi mitano. Bi. Mwanamkuu, asante kwa kusimama mlangoni. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya furaha.