Nusu Aliyoondoka Nayo Ciakuthii

Sikieni, wanangu. Gatwiri, funga huo mlango, ng'ombe watasubiri. Kinyua, weka simu chini. Nawe Adrian, mwambie Sheila asogee, maana leo nasema Kiswahili ili mke wako asikae kama mgeni katika maneno yangu.

Shamba la hapa Kanyakine mgawane jinsi tulivyolipima pamoja, na kwa jirani yetu Kathuri msivuke ule mstari wa miti, kwa sababu ugomvi wetu wa mpaka uliisha siku aliponishika mkono kwenye maziko ya mama yenu, na siku hiyo hakuna mwingine aliyenishika.

Sasa hili lililowaleta. Najua si homa yangu. Ni seva ya kituo chetu cha maziwa, ambayo tangu stima ipotee inadai nywila ya msimamizi, na bila hiyo maziwa ya mkulima hayaingizwi kwenye rekodi, na wengine wameanza kuyapeleka kwingine. Mnanong'ona jikoni kwamba mzee anaficha neno ili awaachie laana. Sifichi! Mnalijua sanduku la chama cha kina mama kanisani, lina kufuli tatu na kila ufunguo unalala nyumba yake, ili asishukiwe mtu. Mimi na mama yenu Ciakuthii tulifanya vivyo hivyo: aliandika nusu yake ya nywila mimi nikiangalia nje dirishani, kisha nikaandika yangu naye akageuza uso. Tukaiita heshima. Yangu ninayo hata sasa. Yake alikwenda nayo.

Nimejaribu, wanangu. Majina yenu, Kianjai kwao, ng'ombe wetu wa kwanza, wimbo aliouimba akikoroga uji. Mashine ikakataa yote. Siri ya mtungi muulize kata, na kata nilikuwa mimi, nikalala kando yake miaka yote ile na sijui neno alilolichagua. Huo ndio upweke wangu. Kufa ni jambo dogo.

Adrian anasema kuna njia: aizime programu, aingie kupitia mashine yenyewe, afute nywila ya zamani, na ikiwaka iombe mpya. Nilimkataza, nikamfokea mbele ya mkewe, kwa sababu niliona kuifuta nusu ile ni kumzika mama yenu mara ya pili. Sasa nakuruhusu, Adrian. Futa, mwanangu. Rekodi za wakulima hazitaguswa.

Hiyo mpya iwekeni nyote watatu, kila mtu kipande chake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Ningewatemea mate ya baraka kifuani, kama baba yangu alivyonifanyia, lakini kinywa kimekauka, hata maji hayanisaidii... Mungu awape zizi lenye maziwa, na nyumba zenye watu wa kuwauliza mmelalaje.

Gatwiri, nishike mkono. Mwenzenu akiandika kipande chake, mtazameni. Msigeuze... wanangu, msigeuze uso.