Hodi Iliyomwendea Kwotabeki Asiyehusika

Risala ya wanafunzi wa kiangazi, Bweni la Tamarack, kwa Bibi Lorraine Haverkamp, mmiliki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Wafua Chuma, siku ya kufunga kambi. Inasomwa na Merritt Solheim.

Mgeni rasmi, Bibi Haverkamp, Kocha Mkuu na wasaidizi wako, wachezaji mliobaki, na Mkuu wetu wa Shule, ambaye jana aliipitia risala yetu akaipiga mhuri, na ambaye tunamwomba radhi kwa kuwa hii siyo ile.

Ile ilihusu paa la bwalo. Paa bado linavuja, lakini limevuja miaka sita na halina haraka. Jambo la leo haliwezi kuvuka saa tisa.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Soseji ziko motoni, mahindi yamechemka, na saladi ya viazi ya Mama Vang iko mezani kwa wingi usio wa kawaida, kwa sababu tutakazozieleza. Tunajua umekuja ukiwa na hasira. Umeambiwa kwamba alfajiri ya leo kwotabeki wako, Bwana Brantley Voss, alitoweka, akatafutwa kwa magari saba, akakutwa saa sita mchana katika mgahawa wa kando ya ziwa akiwa mbele ya sahani ya tatu ya chapati za maji. Hakuna aliyeweza kukueleza kwa nini. Sisi tunaweza. Tunaomba tu uendelee kukaa.

HISTORIA FUPI YA UCHUNGUZI WETU

Kila Julai wanaume tisini wa timu yako huja kulala katika vitanda vyetu, miguu ikining'inia nje. Sisi tulioanguka hesabu hubaki hapa kurudia masomo. Mwaka huu mwalimu wetu alitutaka tupime kitu chochote kwa namba. Tukachagua kumpima kwotabeki.

Swali letu lilikuwa jepesi kulisema. Uwanjani kuna kumi na mmoja kila upande. Mmoja hupokea mpira kwanza, ndiye huamua aurushe au amkabidhi mwenzake akimbie nao. Je, timu ni yeye, au yeye ni mmoja tu wa timu?

Tulianza na kumbukumbu za msimu uliopita. Bwana Voss akiwa mzima, Wafua Chuma walishinda mechi tisa kati ya kumi na moja. Alipoteguka kifundo, kijana aliyemshikia nafasi alishinda moja akapoteza tano. Tukadhani kazi imekwisha, tukaomba alama. Mwalimu akatuambia kwamba hizo ni namba za gazeti, twende tukawaulize watu.

Tukaenda jikoni. Mama Vang alisema yeye hatazami mazoezi kamwe, ila akiona sufuria ya viazi imerudi na nusu yake, anajua kwotabeki kaamka vibaya, maana wale wa ukuta hula kwa moyo wake. Watu wa ukuta ni wale watano wanene wanaosimama mbele kumkinga. Tukamwendea mkubwa wao, Bwana Feleti Masoe, yule senta anayeinama na kuurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Alikuwa akipaka miguu dawa.

"Nyie watoto mnauliza sura yake," akatuambia. "Mimi sura yake siijui kazini. Nimempa mgongo. Naijua sauti. Sauti ikisema twende, naenda."

Hilo hatukujua tuliandike safu ipi.

Ndipo tukamfahamu Bwana Tobias Ruckert, kwotabeki wa akiba. Mgeni rasmi, huenda humkumbuki. Alisajiliwa masika hii. Ana miaka thelathini na sita, amepita timu saba, na goti lake la kushoto hutabiri mvua kuliko redio. Yeye ndiye mchezaji pekee aliyetuuliza na sisi tunaonaje. Kila baada ya chakula cha jioni alikaa nasi bwaloni akachora mbinu kwa haradali juu ya sahani, akatuuliza, "Haya mabwana wakubwa, hapa nirushe kwa nani?" Tukikosea hakucheka. Alilamba haradali, akachora upya.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni kwamba kuta za jikoni ni nyembamba. Jumapili tuliwasikia wasaidizi wawili wa Kocha wakisema kwamba Jumanne, yaani leo, siku ya mwisho ya kupunguza watu, Ruckert ataachwa. Orodha ya hamsini na watatu wanaobaki kati ya tisini ingepelekwa ligini leo saa kumi, na nafasi yake angepewa mkimbiaji wa nne wa kukabidhiwa mpira. Walisema Voss ni mzima, wa akiba wa nini.

Nyote mnajua jinsi mtu anavyoachwa hapa. Alfajiri Mzee Stan Lubicki, mtumishi wa timu, hupita ukumbini, husoma kadi ya jina mlangoni, hupiga hodi mara mbili, na mlango ukifunguliwa husema maneno yale yale: "Kocha anakuhitaji. Njoo na kitabu chako cha mbinu." Hataji jina. Na hainui macho. Miaka ishirini na miwili anayasema maneno hayo kwa viatu vya watu, kwa sababu, alivyotueleza mwenyewe, nyuso zile humfuata hadi nyumbani. Anayebishiwa hodi naye haulizi. Hubeba kitabu akaenda. Ndiyo desturi, na sisi tunaiheshimu.

Tuliiheshimu mpaka jana saa kumi na mbili jioni, tulipobadilisha kadi mbili za milango kwa bisibisi. Ya Ruckert tukaiweka kwa Voss, ya Voss kwa Ruckert.

Tulikuwa na hoja. Mzee Lubicki angemkuta Voss, wangecheka, Kocha angeona ni ishara, na Ruckert angepona. Mgeni rasmi, kumbuka kwamba sisi ndio tulioanguka hesabu.

Hakuna aliyecheka. Saa kumi na moja na nusu hodi ilipigwa, maneno yakasemwa kwa viatu vya Bwana Voss, na mtu ambaye picha yake imebandikwa kwenye mabasi ya mji mzima akaamini. Alikwenda hadi ofisi ya Kocha, akakuta haijafunguliwa, akakilaza kitabu kizingitini, akaingia katika gari lake akaenda zake na kuzima simu. Tulikuwa tumejificha nyuma ya mashine ya soda. Tulitaka kumkimbilia, tukaogopa kuungama.

Hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote tuliyoandika kiangazi hiki: hata yeye hajui ana uzito gani.

Saa moja tulimfuata Bwana Ruckert kwenye uji wake wa shayiri tukaungama yote. Merritt, anayesoma hapa, ndiye aliyesema, kwa sababu ndiye aliyekuwa na bisibisi.

"Ile hodi ilikuwa yako," akamwambia.

"Nilikuwa nimeshavaa viatu," Bwana Ruckert akasema. "Begi nimelifunga tangu Jumapili. Nikaisikia inapigwa kwa jirani, nikasema leo dunia imepotea njia." Akakoroga uji. "Brantley yuko wapi?"

Tukasema hatujui. Akaacha uji, akachukua kitabu chake, akaenda ofisini ili hodi imfikie mwenyewe. Kocha alikuwa ameshatoka na magari. Msaidizi mmoja aliyekuwa akipita mbio akamwambia aache maswali, akawachezeshe watu.

MAFANIKIO

Mazoezi yalianza saa mbili na nusu bila Bwana Voss. Tulikuwa na daftari.

Mara ya kwanza Bwana Ruckert alipoita, ukuta uliruka kabla ya mpira. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Feleti Masoe aliurudisha mpira kwenye hewa tupu, na wale wa upande wa pili wakaanza kuwauliza kama wamechelewa basi. Watu wale wale, misuli ile ile, kiamsha kinywa kile kile. Ilikosekana sauti moja tu, na wanaume kumi wakawa kama shule siku ambayo kengele imeibiwa, jambo ambalo tunalijua kwa uzoefu.

Bwana Ruckert akasimamisha kila kitu. Akawaambia wafumbe macho. Wakafumba, wale majitu, pale katikati ya uwanja. Akatembea nyuma yao akiita namba za kuanzisha mchezo polepole, kisha haraka, kisha akinyamaza mahali ambapo Voss hanyamazi, mpaka mabega yao yakaacha kushtuka.

"Mzee, leo unaita wewe?" Feleti akamuuliza bila kufumbua.

"Mpaka arudi mwenyewe."

Baada ya hapo walipewa mpira mara sita, wakafika mwisho wa uwanja mara nne. Daftari lipo, tunaweza kulionyesha. Hatutaki kukudanganya: mipira yake haifiki mbali kama ya Bwana Voss, na miwili ilianguka kama bata aliyepigwa. Lakini timu ilisogea. Na yeye peke yake uwanjani, ukituondoa sisi, ndiye aliyejua kwamba ameshaachwa.

Walipopumzika tulimuuliza kwa nini alijisumbua hivyo. Hatukuuliza kwa uchokozi. Tulitaka kujua.

"Feleti kanipa mgongo," akasema. "Mtu aliyekupa mgongo humwiti kwa nusu sauti."

Tumeliandika hilo katika safu ya majibu.

MAOMBI

Kwanza, Mzee Lubicki asiguswe. Kadi ilisema Ruckert, naye akabisha kwa Ruckert. Kosa ni letu sote tisa, na bisibisi tumeshaikabidhi.

Pili, Bwana Voss, uliye meza ya tatu na hujala: tusamehe. Mama Vang amegundua tangu asubuhi, ndiyo maana saladi imebaki.

Tatu. Mgeni rasmi, hatuombi Bwana Ruckert acheze badala ya mtu. Tumepima, Bwana Voss ni bora, na yeye mwenyewe Ruckert hutuambia hivyo kila siku. Tunachoomba ni hiki: leo umesikia jinsi timu yako ilivyokaa nusu asubuhi bila sauti, na gharama yake ilikuwa soseji na aibu tu. Desemba, kwenye theluji, kifundo kile kikiteguka tena, hatutakuwepo kubadilisha kadi. Mkimbiaji wa nne tunampenda, lakini hatujawahi kumsikia akiita namba.

HITIMISHO

Bwana Ruckert hayumo humu. Alikataa kula chakula cha wanaobaki. Hajui kama tumeandika haya, na akijua atatufukuza bwaloni. Ameketi kwenye ngazi za bweni, kitabu mapajani, anamsubiri Kocha amwambie kwa kinywa chake. Basi la wanaoachwa linaondoka saa tisa, na sasa ni saa nane na dakika ishirini. Begi lake limeshapakiwa. Ni la kijani, upande wa kushoto, chini ya mengine mawili.

Hatuhitaji hotuba ya majibu. Wawili wetu wamesimama mlangoni tangu tulipoanza kusoma. Ukiinamisha kichwa tu kukubali, watakwenda kulishusha.

Mungu akujalie afya, awape Wafua Chuma vifundo imara, na mkono wako auongoze pole pole unapofika herufi R kwenye orodha.

Ni sisi wanafunzi wa kiangazi,
Bweni la Tamarack, darasa la kurudia hesabu.