Kipima Hewa cha Injinia

Benchi letu hapa Boito liko mbele ya kibanda cha pancha cha Sagini, ambaye asubuhi hiyo alikwenda matanga Kipkelion na kuifungia pampu ndani. Tulibaki watatu na birika la chai: mimi, Arasa tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio, na Kiptum, Daktari, anayedunga ng'ombe sindano. Janeffer akasimamisha pikipiki yake yenye magunia mawili ya majani chai. Lori la kiwanda lilikuwa karibu kuondoka kituo cha kuuzia majani, na majani yakilala hayanunuliwi. Akatuomba tuangalie hewa ya tairi la nyuma huku yeye akinunua mkate. Injinia akachomoa kipima hewa chake kipya, akakibonyeza kwenye valvu. Psss. Kijiti cheupe kikaruka nje.

— Ishirini na nane. Iko sawa.

— Imejuaje? akauliza Daktari.

— Ndani kuko na springi. Hewa inasukuma, springi inakataa. Hewa ikiwa na nguvu, kijiti inatoka mbali.

— Na ukitoa, mbona hairudi?

— Springi inarudi. Kijiti haijafungwa kwake, inabaki nje ndio usome. Ona.

Psss.

— Ishirini na mbili, nikasoma.

— Hiyo ni presha, akasema Daktari. Hata ng'ombe ukimshika mara ya kwanza inapanda. Akikuzoea, inashuka. Tairi imekuzoea.

— Tairi haina moyo.

— Na hupasuka na nini?

Injinia akalaumu baridi ya huku kwetu, akakipasha kipima hewa moto kwapani. Psss. Kumi na tano. Nami, sijui nani alinituma, nikasema hewa ni nyepesi, imeelea juu. Valvu iwe chini. Tukaisogeza pikipiki.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikamwambia Injinia.

Akainama. Psss. Kijiti kikatoka kidogo tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akatufariji Daktari.

Janeffer akarudi. Tairi lilikuwa limelala chini ya magunia, na lori lilipiga honi kule kituoni.

— Tumepima vizuri, mama, akasema Injinia.

— Na hiyo hewa mmepima, mmeiweka wapi?

Nilikitazama kikombe changu na aibu ikanishika kweli. Janeffer hakungoja. Gunia moja alimbebesha Injinia, lingine Daktari, mimi nikapewa pikipiki niisukume, tukateremka mbio kwenye matope, yeye nyuma yetu na mkate wake. Karani alikuwa akiondoa mizani. Alipotuona, akaitundika tena.

— Injinia, akahema Daktari, hii yangu itakuwa kilo ngapi?

— Daktari, tafadhali. Usinitajie kupima.