Kidumu cha Gaju Kwenye Foleni

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya, Papa Pasta, Sheikh wetu wa Kamembe, ndugu wageni waalikwa, na wewe Gaju, fundi wetu wa kompyuta unayetuacha kwenda Kigali: mimi Mukabalisa, mshonaji wa mlango wa pili, nawasalimu. Nimeombwa niwe mfupi. Nitajaribu, ila leo furaha imenipanda miguuni.

Nani amesahau mwaka jana, tulipokaa katika kituo hiki kujaza fomu za kutafuta ndugu zetu waliopotelea vitani Kongo? Maswali hamsini, umeme unakatika, yote yanafutika! Gaju akaifundisha kompyuta ya hapa kuyakumbuka majibu. Kesho yake Mzee Habineza anakaa, anakuta majibu ya mama aliyemtangulia.

"Ee Gaju! Miye nilikuya kutafuta bibi, machine inasema niko na bwana na mimba ya miezi sita!"

Pasta alitoka nje kwa kicheko.

Gaju akatazama bombani, ambako tunaacha vidumu kwenye foleni, kila kimoja na kitambaa chake, na hakuna anayethubutu kukisogeza. Akampa kila mtu namba yake kwenye kikaratasi. Majibu yenyewe yakatunzwa kwenye kompyuta kubwa ya Kigali. Umeme ukirudi, unaandika namba, unakuta kidumu chako palepale.

Lakini ukikaa nusu saa bila kuandika kitu, majibu yanafutwa, maana ndiyo kawaida ya kazi hiyo. Na mimi, niliyezika mume na watoto wawili, nilifika kwenye swali la alama za mwili za mdogo wangu Ndayisaba, nikalikumbuka kovu alilopata akiiba sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, kwenye mafuta ya moto. Nikatoka nikilia. Gaju akanifuata.

"Maman, utarudia saa ngapi?"

"Sijue, mwanangu. Kulia kuko na dakika ngapi?"

Aliingia ndani akaongeza muda, ukawa mwezi mzima, kwa watu wote.

Nilirudi siku ya kumi na tisa. Kioo kikasema: "Karibu tena. Uliishia kwenye alama za mwili." Nikaandika: kovu, kidole gumba cha kulia, sambaza.

Na nani alionyeshwa maneno hayo kule Uvira, akacheka peke yake kama mwehu? Ndayisaba, simama! Onyesha kidole! Sahani iache kwanza!

Gaju, kikaratasi changu kimo ndani ya Biblia. Nenda salama, hapa nafasi yako haisogezwi na mtu.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa tule, kabla mdogo wangu hajazimaliza sambaza.